Angalia Mdomo wa Tundu Kwanza: Shanga za Kioo za Kununua na za Kuacha

Mwezi wa sita nilitunga mkufu wa shanga 43 za kioo kwa mama mmoja wa Kampemba aliyekuwa anamwoza binti yake. Shanga zilikuwa za buluu nzito zenye maua meupe ndani, kila moja kubwa kupita punje ya mahindi. Nilizinunua hapa hapa Lubumbashi kwa dola 60, na muuzaji aliniapia kwamba ni za Murano, kile kisiwa cha Italia cha mafundi wa kioo. Siku ya harusi, mama anainuka kumpokea mkwe wake, uzi ukakatika. Shanga zikatawanyika kwenye saruji, watoto wakazikimbilia, nyingine zikajificha chini ya spika za wapiga muziki. Tuliokota 39.

Nililaumu uzi. Nikanunua ule waya mwembamba wa chuma uliofunikwa nailoni, ambao watungaji wengi wanauamini, nikaongeza shanga nne na kuutunga mkufu upya bila kumdai hata faranga moja. Baada ya wiki tatu akanipigia simu: umekatika tena, safari hii akiwa ameketi tu kanisani.

Ndipo nilipokaa dirishani na ushanga mmoja, nikautazama mahali ambapo mnunuzi hapatazami: mdomo wa tundu. Kioo kilikuwa kimeishia kwa ncha nyembamba, imeinuka upande mmoja kama gamba la samaki. Nikapitisha ukucha, ukucha ukachongeka. Ndani ya tundu kulikuwa na unga mweupe mkavu umeganda ukutani, mkwaruzo wake kama msasa. Shanga 43 zina midomo 86. Kila mama alipogeuza shingo, midomo 86 ilikuwa inausaga uzi wangu.

Tangu nisimulie habari hiyo, dada wengi wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, na hata wa Likasi wameniletea mikufu iliyokatika, na karibu yote ina ugonjwa huo huo. Kwa hiyo nimekaa kupanga shanga ninazozipata sokoni na zile ninazoagiza, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuangalia tundu. Kuhusu rangi na ukubwa sitasema kitu, macho unayo.

Ili unielewe, jua kwanza ushanga wa moto unavyozaliwa. Fundi anashika fimbo ya kioo, anayeyusha ncha yake kwenye mwali wa gesi, kisha anakizungushia kile kioo kilicholegea kama asali kwenye waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya umepakwa udongo mwembamba ili kioo kisigande. Unene wa waya ndio upana wa tundu, mara nyingi milimita 1.6 au 2.4. Kioo kikipata moto wa kutosha hujivuta chenyewe kuwa mviringo. Fundi akiweka kioo cha kutosha kulingana na urefu alioanzia kwenye waya, ncha zote mbili hujikunja kwa ndani, na ushanga unapata kitovu kila upande. Uzi hulala kwenye kitovu hicho kama mtoto mgongoni. Fundi mwenye haraka, au anayebania kioo, huanza urefu asioweza kuujaza. Ncha zinabaki nyembamba na kali. Halafu akiuchomoa ushanga kwenye waya, anaona uvivu kulisugua tundu, na ule udongo unabaki humo ndani.

Kosa hilo halionekani kwenye picha. Muuzaji wa mtandaoni atakupigia picha ushanga kwa ubavu, mahali penye maua, na tundu limegeuziwa pembeni. Siku hizi siagizi ushanga kwa mtu ambaye hajanitumia picha ya tundu likitazama kamera. Wengine wananyamaza nikiomba. Kunyamaza kwao kumeniokolea dola nyingi.

Sokoni ninapima kwa soksi. Nakata kipande cha soksi ndefu ya nailoni, nakisokota, nakipitisha kwenye tundu na kukivuta huku na huku mara tano. Kikipita bila kushikwa, ushanga ni mzima. Kikitoka na nyuzi zilizochomoka, rudisha. Kama huna soksi, tumia ncha ya kidole kidogo. Wazee wa Kiluba wa chama cha Mbudye walisoma historia ya ufalme kwenye lukasa, ubao uliopangwa shanga na simbi, kwa kupitisha vidole juu yake. Kidole kinajua mengi ambayo jicho linayaruka.

Sasa nafasi ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu: shanga zilizotengenezwa na fundi mmoja mmoja kwa kioo cha Effetre. Effetre ni fimbo za kioo zinazotengenezwa Murano, kisiwa cha Venezia ambako mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto wa matanuri yao kuunguza mji. Wazoefu wengine bado wanaziita Moretti, jina lake la zamani. Ninakipenda kioo hiki kwa sababu ni laini motoni: kinalegea mapema na kumpa fundi muda wa kuzikunja ncha vizuri. Nimenunua shanga za Effetre kutoka kwa mafundi wawili tofauti, moja baada ya nyingine nimezipima kwa soksi, na katika shanga 70 nilirudisha mbili tu. Kwa mali ya kutengenezwa kwa mkono, huo kwangu ni uaminifu mkubwa. Kasoro ipo: rangi ya feruzi huweza kupata utando wa kijivu juu yake motoni, na mteja anayetaka feruzi ya anga atalalamika. Mimi namwonyesha kabla hajalipa.

Lakini tuelewane kuhusu neno Murano, maana hapa ndipo tunapoibiwa. Ushanga uliotengenezwa Nairobi au Johannesburg kwa fimbo za Effetre una kioo cha Murano, ila si ushanga wa Murano. Fundi mkweli atakwambia hivyo bila kuulizwa. Vitu vilivyotengenezwa kisiwani penyewe vina alama yao, Vetro Artistico Murano, iliyowekwa kwa sheria ya mkoa wa Veneto ya mwaka 1994. Ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020. Halafu mtu anakaa mjini kwetu na kifuko cha plastiki kisicho na alama wala jina la fundi, anakitia bei ya Ulaya kwa kutamka neno moja tu. Nilipomrudia yule aliyeniuzia za buluu, aliniambia, "Mama, Murano ni aina ya maua." Nilimwonyesha ukucha wangu. Akageukia mteja mwingine.

Nafasi ya pili naipa shanga za Wakrobo wa Ghana, najua wengine watapinga, kwa kuwa hizo hazizungushwi kwenye mwali. Wakrobo husaga chupa kuwa unga, hujaza unga kwenye kalibu ya udongo na kuuchoma tanurini. Tundu lao ndilo lililonishinda kwa uzuri: kabla ya kuchoma, husimamisha katikati ya unga kijiti cha jani la muhogo. Kijiti kinaungua na kuacha njia. Sisi tunaokula sombe kila wiki tunakijua kijiti hicho vizuri, kile tunachokitupa tukichambua majani. Tundu lake ni pana na halina meno, linapitisha hata kamba ya ngozi. Uso wa ushanga haung'ai kama wa mwali, na kwa harusi ya mjini wengine wataona ni wa kawaida. Kwa mkufu wa kuvaliwa na kitenge kila siku, chukua huo.

Ya tatu ni ya Jablonec, katika Jamhuri ya Cheki. Zile nilizopata zilikuwa na tundu dogo na safi, safi kweli, ila dogo mno kwa uzi wangu mnene. Ukitunga kwa uzi mwembamba utazipandisha hadi ya pili. Sina ugomvi nazo.

Kwa vidani nabadilisha hesabu. Kidani hakipitiwi na uzi tumboni. Kinaning'inia kwa kitanzi cha kioo kilichobandikwa juu, na ugonjwa unahamia hapo. Tazama mahali kitanzi kinapoungana na mwili. Ukiona mstari mkali, kama bonde jembamba lililochimbwa na wembe, ujue fundi alikibandika kioo bila kukipasha moto kikaingiana. Kitang'oka siku moja, na kidani kikidondoka kwenye saruji hakiokotwi. Maungio mazuri ni mviringo, kama shina la boga linavyoingia kwenye boga. Hapa Effetre naiweka kando na kuchukua borosilikati, jamii ya kioo cha vyombo vya maabara. Ni kigumu zaidi, kinahitaji mwali mkali wenye oksijeni, na hakipanuki sana kwa joto: kiwango chake ni 33, wakati Effetre ni 104. Ndiyo maana fundi hawezi kuchanganya vioo hivyo viwili katika ushanga mmoja. Vikipoa kila kimoja hujikunja kwa kiasi chake, na nyufa zinafuata, pengine baada ya siku kadhaa, ukiwa umeshalipa.

Nyufa zina chanzo kingine, nako ni kupozwa vibaya. Ushanga wa kioo laini ukitoka motoni unapaswa kukaa kwenye tanuri la umeme, kwenye nyuzi joto 500 na kidogo za Selsiasi, kisha ushushwe polepole kwa saa kadhaa. Wapo wanaouzika tu kwenye chembe za madini za kutunza joto na kusema umepozwa. Hiyo inachelewesha baridi, haiondoi mkazo uliomo ndani. Muulize muuzaji: tanuri au ndoo? Kwa shanga angavu unaweza kujihakikishia nyumbani ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, zungusha miwani mbele ya skrini mpaka kioo chake kiwe cheusi, kisha weka ushanga katikati ya skrini na miwani. Madoa ya mwanga yakitokea ndani ya ushanga, una mkazo.

Za India, kutoka Firozabad na Purdalpur, ndizo nyingi kwenye meza za Kenya na katikati ya mji. Rangi zake nazipenda. Lakini unga mweupe! Mfuko mmoja niliusugua jioni nzima na maji ya beseni yakawa kama ya kuoshea mihogo. Ukiwa na muda, nunua. Zile za kilo kutoka China, zisizo na jina lolote, ni za mapazia.

Bei sasa. Ushanga wa Effetre wa fundi ninayemwamini unanifikia kwa dola 3 hadi 4, na sipendi hata kuandika namba hiyo, kwa kuwa najua bei ya unga wa mahindi. Sehemu kubwa ya pesa hizo haiendi kwa fundi. Mzigo ukishuka Dar es Salaam unapita Tunduma, unavuka Zambia yote, unafika Kasumbalesa, na kila mkono ulioshika katoni unataka chake. Hilo naweza kulimeza. Linalonikaa kooni ni hapa mwishoni, kilomita 90 tu kutoka mpakani, ambapo muuzaji anazidisha mara mbili na kukukataza kufungua kifuko. "Ukifungua umenunua." Nguo tunaigeuza, nyanya tunaibonyeza, samaki tunamfunua mashavu, ushanga wa dola 2 nisiutazame tundu? Na mtu huyo huyo nikimpa dola yenye kijipasuko cha milimita mbili pembeni, anaiinua kwenye jua, anaikunjua, anaipitisha vidole na kunirudishia: haipiti. Pesa yangu haina ruhusa ya kupasuka hata ukingoni, shanga yake ina midomo iliyopasuka na lazima niichukue. Nimeacha kununua kwa watu wa namna hiyo, na nawaomba dada zangu mnaotunga mfanye vivyo hivyo kwa mwezi mmoja tu. Mtaona vifuko vikifunguka.

Kwa zile ulizokwisha kuzinunua usizitupe. Tafuta tupa nyembamba ya almasi, zile sindano zinazouzwa kwa mafundi wa simu na wa vito. Jaza maji kwenye bakuli, zamisha ushanga, sugua tundu ndani ya maji mpaka unga utoke, kisha zungusha tupa kwenye mdomo kwa kuilaza, taratibu, kila upande. Usisugue pakavu hata siku moja. Vumbi la udongo ule na la kioo likiingia kifuani halitoki. Ushanga mmoja unanichukua dakika nne. Mdomo ukiwa umemeguka sana, weka pete ndogo ya shaba au kishanga kidogo kila upande ili uzi usiguse kioo.

Mkufu wa mama wa Kampemba niliufanya hivyo, shanga 43, jioni tatu, umeme ukikatika nikimalizia kwa tochi ya simu. Soksi ilipita kwenye 40. Tatu nilizitoa na kuweka za Effetre badala yake, buluu yake imekolea kidogo kuliko nyingine. Mama aliziona mara tu alipoushika. Akapitisha kidole kwenye tundu la moja, akauliza kama zilizobaki zote haziwezi kuwa hivyo.