Kanali mstaafu anayesaidia madai ya wanajeshi wa zamani
Ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani, hasa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraq na Afghanistan, nawasihi wamwone kanali huyu mstaafu, ambaye huwaandalia wenzake madai ya fidia bila malipo. Aliipitia fomu yangu ya DD-214, yaani cheti cha kuondoka jeshini, mstari kwa mstari, kisha akanieleza kwamba, kwa sheria ya PACT ya mwaka 2022, saratani nyingi na maradhi kadhaa ya kifua huhesabiwa kuwa yametokana na utumishi huo, hivyo mgonjwa halazimiki kuthibitisha chanzo. Kwanza kabisa alituma taarifa ya kusudio la kudai, inayompa mdai mwaka mmoja wa kukusanya vyeti vya hospitali bila kupoteza tarehe ya kuanza kuhesabiwa malipo, na wengi hulikosa hilo kwa kutoambiwa. Foleni yake ni ndefu, wahini mapema.