Wati 1,200 za Kwenye Boksi: Soma Nyuma ya Spika Kabla Hujalipa

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani nina spika mbili. Hii kubwa boksi lake limeandikwa wati 1,200, maandishi ya dhahabu, yanang'aa hata taa ikizimwa. Hii ndogo ni wati 50 tu, na hizo zimeandikwa nyuma, vidogovidogo, mpaka ukodoe macho. Nimezipigia wimbo uleule. Ndogo imeimba, kubwa imekoroma.

Wati ndipo watu wengi wanapopigwa. Wati ni umeme ambao spika inaweza kuumeza. Wingi wa sauti ni habari nyingine. Ukiona RMS, huo ndio mzigo ambao spika inaubeba kwa muda mrefu bila kuungua. Piki ni kishindo cha mara moja, kinapita. Halafu kuna PMPO, na hiyo haina kanuni moja ya kuipima: kila mtengenezaji anapiga hesabu anavyojua mwenyewe. Hizi 1,200 ni PMPO. RMS nimeitafuta kwenye boksi, kwenye kijitabu, hata chini ya spika. Haipo.

Namba ninayoitazama mimi kwanza ni sensitiviti, yaani wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Unaipa wati 1, unapima ukiwa mita 1 mbele yake, unaona imetoa desibeli ngapi, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Ndogo imeandikwa 90. Spika ya 84 ingetaka wati mara nne ili imfikie huyu. Na shika hili: ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lako lihisi sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi! Kwa hiyo anayehama kutoka wati 50 kwenda 100 akitegemea kutikisa nyumba, pole yake.

Omu je? Ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme unaotoka kwenye ampu, yaani amplifaya, mashine inayokuza sauti na kuisukumia spika. Nyingi ni 4 au 8. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ampu inaona omu 4, na inasukuma umeme mwingi zaidi. Kama haikutengenezwa kwa omu 4, inachemka. Ampu yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, na harufu yake bado naikumbuka.

Masafa, yaani kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, yanapimwa kwa hezi: kubwa inadai hezi 20 hadi kilohezi 20, sikio zima la binadamu. Lakini haisemi sauti inashuka kiasi gani huko pembeni. Ndogo inasema hezi 60 hadi kilohezi 20, na mbele imeweka jumlisha au toa desibeli 3. Imekubali kwamba besi ya chini kabisa haina. Hiyo naiamini.

Wufa ndiyo hii pana, ya besi. Twita ni hii ndogo, ya sauti nyembamba. Krosova imekaa ndani, inamgawia kila mmoja masafa yake. Sasa cheka kidogo: kwenye kubwa nimetoa wavu, nikakuta twita mbili ni mapambo. Nyuma hazina hata waya.

La mwisho, maana mnaliuliza sana: "ampu yangu ni ndogo, spika haiwezi kuungua." Inaungua! Ampu ukiisukuma hadi mwisho, vilele vya mawimbi vinakatika, sauti inakwaruza, na twita ndiyo inayotangulia kufa. Ukisikia mkwaruzo, punguza pale pale.

Kubwa naifunga nairudisha dukani. Kabla sijaifunga, vaa hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Naanza na ndogo, halafu kubwa, wimbo mmoja, sauti nimezisawazisha. Sikiliza ngoma ya chini.