Mti wa Krismasi kwa nyumba za Mtwara: tazama kutu kabla ya urefu

Desemba iliyopita niliushusha mti wangu wa plastiki juu ya kabati, ulikokaa ndani ya boksi miezi kumi na moja. Bomba lake la kati lina vipande vitatu, na niliviacha vimechomekana. Vikagoma kuachana. Shemeji alivuta, fundi wa jirani akagonga kwa nyundo, bomba likapinda. Tukaufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mkesha wa Krismasi binti yangu akapita karibu na gauni lake jeupe la kanisani, tawi likamwachia mstari wa rangi ya udongo kifuani. Nikakimbilia dawa ya klorini, kumbe klorini ndiyo inayoikaza kutu kwenye kitambaa. (Ukipatwa na hilo, paka limau na chumvi, anika juani, suuza, rudia.) Gauni halikwenda kanisani.

Mti huo niliununua shilingi 85,000, na ulikuwa na mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo sitaongelea urefu wala wingi wa matawi; hayo unayaona mwenyewe. Naongelea kutu, maana hakuna muuzaji anayeitaja, na sisi wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini tunaishi ndani ya chumvi. Tawi la mti wa plastiki limetengenezwa kama brashi ya kuoshea chupa: ukanda wa plastiki uliochanwachanwa, ukasokotwa katikati ya nyaya mbili za chuma. Upepo wa bahari unaziachia nyaya hizo chembe za chumvi, chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, na chuma kinalika taratibu hata boksi likiwa limefungwa.

Dukani, mwombe muuzaji autoe mti kwenye boksi. Akikataa, ondoka. Kunja na kunjua tawi moja mara tano kwenye bawaba yake, halafu sugua hapo kwa tishu nyeupe. Tishu ikitoka na unga wa kijani, rangi inabanduka na chuma kitabaki wazi. Kisha chungulia ndani ya bomba. Mengi yamepakwa rangi nje tu, na ndani hamna kitu. Hapo ndipo vipande vyangu viliposhikana. Tazama pia kama ncha za nyaya, pale zilipokatwa, zimeanza kutu. Muuzaji akikuletea sumaku kukuthibitishia uimara, usimsikilize: chuma kilichopakwa zinki ya kuzuia kutu na kisichopakwa vyote vinanaswa.

Chaguo langu la kwanza, wala silifichi, ni mvinje hai ndani ya ndoo. Mvinje unaota kwenye mchanga wa ufukweni, unapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima na hauna habari. Mizizi yake inaishi na bakteria wanaoupatia naitrojeni, ndiyo maana hata mchanga usio na rutuba unautosha. Zile unazodhani ni sindano ni vijitawi vyenye pingili. Watoto wangu wanapenda kuvinyofoa pingili kwa pingili. Nunua mche uliofika kiunoni kwenye bustani ya miche, uhamishie kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 uliyoitoboa chini, na uukuze nje. Ndani uingie tarehe 20 hivi, karibu na dirisha, na utoke baada ya Epifania, mwanzoni mwa Januari. Kasoro yake ni moja: matawi yake ni laini, hayabebi mapambo ya kioo. Mimi natundika nyota za ukili.

Lakini usikate matawi ya mivinje ya ufukweni. Miti ile inazuia mchanga usiondoke, na tawi lililokatwa linanyauka kabla sikukuu haijafika.

La pili ni mti wenye majani ya plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ukiyashika yamejaa kama jani la kweli, na waya wake umefunikwa zaidi. Ni ghali, na mara nyingi utaagiza Dar es Salaam.

Kama tayari una mti wa nyaya, tunza huohuo kwa WD-40, kilainishi cha kupuliza. Nimejaribu vilainishi vingine vya maduka ya vipuri, nikarudi kwenye hii. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas, na jina lake linatokana na kazi ya kufukuza maji. Januari tenganisha vipande vya bomba, puliza kwenye viungo na bawaba, futa, acha ikauke kabisa. Usiipulize karibu na taa zinazowaka.

Miti midogo ya futi mbili ya kuweka mezani inafaa ofisini.

Kinachoniuma ni bei. Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikaanza kuingia kwa wakulima, kila kitu kinapanda. Mti niliouulizia Septemba kwa 60,000 niliukuta Desemba, duka lilelile, kwa 95,000, hata vumbi halijafutwa. Nilipopeleka bomba langu lililopinda nilioneshwa maneno ya chini ya risiti: bidhaa ikishatoka hairudishwi. Mkulima aliyengoja malipo yake miezi mizima anauziwa chuma kisichopakwa rangi ndani, na risiti inamfunga mdomo. Nunua Septemba.

Fedha itakayobaki, ipeleke kwenye matembezi. Tarehe 26 sisi tunakwenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na Mtanzania analipa pungufu ya mgeni. Ondokeni asubuhi, maana Desemba ndipo mvua zetu zinapoanza, na bebeni pilau ya nyumbani. Asiyetaka safari ndefu aende Mikindani jioni, akae karibu na boma la Wajerumani la mwaka 1895 atazame ghuba ambayo mpelelezi David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Njiani tazameni mikrismasi, ile ya maua mekundu. Mwezi huu inawaka.

Mkirudi, nguo zenye maji ya bahari zianikwe uani, mbali na nyaya za mti. Mwaka jana niliweka taulo bichi la mtoto kwenye kiti kilicho chini ya mti wa Krismasi.