Semi ya saruji, Dar hadi Mwanza: unayemlipa hasa ni dereva

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, akitafuta msafirishaji huuliza bei kwa tani, kisha siku ngapi. Nani atashika usukani, hilo haulizi. Tathmini hii inaanzia hapo, kwa sababu kwenye zaidi ya kilomita 1,100 za kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, magari yanafanana sana, madereva hawafanani.

Tuanze na upakiaji. Semi, yaani kichwa kinachovuta na tela lake, ya ekseli sita (mihimili ya magurudumu) inaruhusiwa tani 50, gari na mzigo wake: ekseli ya usukani tani 8, mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Mifuko 600 ya saruji ya kilo 50 ni tani 30, na gari tupu huwa kama tani 17 au 18. Hesabu inakubali, lakini mizani ya barabarani haipimi jumla peke yake. Vibarua wakirundika mbele, ekseli mbili za nyuma za kichwa zinapita tani 18 huku za tela zikiwa na nafasi ya kutosha. Dereva anayejua kazi hasinzii kwenye kibini wakati wa kupakia. Anasimama kando, anatazama tairi za kichwa zinavyobonyea, anaagiza safu za mbele zishushwe mfuko mmoja mmoja. Asiyejua ataligundua hilo kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, na mifuko itahamishwa kwa mabega, juani.

Kisha upepo wa breki. Hewa ikishindiliwa kwenye matangi huacha maji, na maji yakilala humo yanaingiza kutu kwenye vali. Kwa hiyo kila siku kabla ya kuondoka valvu za chini ya matangi hufunguliwa mpaka itoke hewa kavu. Tairi zikishazuiwa, injini inazimwa, breki ya kuegesha inaachiwa, na breki ya mguu inakanyagwa dakika nzima. Geji ikishuka zaidi ya PSI 4 (PSI ni kipimo cha shinikizo la hewa), kuna mahali panavuja na safari inasubiri. Halafu anazunguka gari. Mchirizi mwekundu wa kutu unaoanzia kwenye nati ya gurudumu maana yake nati imelegea, hata kama kwa macho imekaa vizuri. Kazi yote hiyo haimalizi nusu saa, na mteja haioni kamwe.

Kipimo halisi ni mteremko wa Sekenke. Baada ya Singida barabara inauacha uwanda wa juu na kuporomoka kuelekea Shelui na Igunga. Hapo gia huchaguliwa kabla mteremko haujaanza, si katikati. Injini na breki yake ndizo zinazobeba kazi. Breki ya mguu inakanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha inaachiwa ili dramu za breki zipoe. Anayeegemea pedali mwanzo hadi mwisho anachemsha laini za breki, vile vitambaa vinavyobana dramu, zinapoteza mshiko, na kadiri anavyozidi kukanyaga ndivyo gari linavyozidi kukataa kusikia.

Wapo wanaoweka nyutro kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Huu ni ujinga wa hatari, na hata mafuta hauokoi: injini za kisasa za dizeli hukata mafuta kabisa gari likiteremka kwenye gia bila kukanyagwa, wakati kwenye nyutro zinaendelea kuyanywa ili zisizimike.

Mwanza kwenyewe kuna mtihani mwingine. Mzigo wa Igoma hukata Usagara na kupitia Kisesa bila kuingia katikati ya mji, na wa Sengerema au Geita unaelekea Kigongo, ambako tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limeondoa kusubiri kivuko. Lakini stoo nyingi ziko ndani ya mitaa iliyobanwa na miamba. Kurudisha nyuma semi mahali kama pale ni kukata usukani kinyume na unakotaka tela iende, kisha kuugeuza kuifuata tela mapema kabla haijakunja mno. Utingo anasimama nyuma kushoto, upande ambao dereva haoni vizuri, lakini ndani ya kioo. Utingo akipotea kiooni, gari linasimama. Bodaboda hupenya hapohapo, kila mara.

Madereva wa njia hii tunawapa nyota 4 kati ya 5. Ya tano inanyimwa na malipo ya kwa safari, yanayomsukuma mtu kupita kilomita 80 kwa saa na kuendesha na usingizi. Hilo ni la wenye magari kulirekebisha.

Mpokeaji naye ana sehemu yake. Vibarua wawepo kabla gari halijafika, si wapigiwe simu likiwa getini. Dereva apate maji ya kuoga na mahali pa kulala pasipo chini ya tela. Na mifuko iliyochanika ihesabiwe naye ikiwa bado juu ya tela, iandikwe kwenye karatasi ya mzigo kabla ya sahihi. Ikishaingia stoo, hakuna ajuaye tena kama imechanwa na safari au na mabega ya wapakuaji.