Behewa lililochakazwa kiwandani, au ulichakaze mwenyewe?

Kuchakaza ni kulifanya behewa la mfano lionekane kuukuu, lenye kutu na uchafu. Kwenye treni za mfano za skeli N (1:160, yaani ndogo mara 160 kuliko treni halisi), kiwanda kinakushinda kwa grafiti, ile michoro na maandishi ya rangi ubavuni mwa behewa. Huchapwa kwa pedi ya silikoni, rangi moja baada ya nyingine, na hata herufi ndogo kabisa husomeka. Micro-Trains ya Marekani huuza mabehewa ya mizigo ya namna hii. Kasoro ni kwamba toleo zima linaweza kuwa na doa lilelile la kutu mahali palepale. Ukiyafunga matano nyuma ya injini moja, ujanja wote unaanikwa.

Kwa msururu wa mabehewa ya makaa, basi, afadhali uchakaze mwenyewe. Anza kwa kupuliza vanishi isiyong'aa, maana poda ya chaki haishiki plastiki laini. Saga chaki ya pastel ya kahawia na nyeusi, uipake kwa brashi kavu toka juu kwenda chini, mvua inakoshusha kutu. Zidisha kidogo, kwa sababu vanishi ya mwisho huififisha. Spiriti ikigusa vanishi hiyo huacha ukungu mweupe (wengine huutaka, ili rangi ionekane imepaushwa na jua). Mpulizo mwingine mwepesi huuondoa. Magurudumu paka kutu ubavuni tu. Rangi ikiingia kwenye sehemu inayokanyaga reli, huokota uchafu na behewa huyumba.