Darubini ya Dobson ya mezani, milimita 130: uzoefu wangu wa usiku wa nyota nje ya Dodoma

Nimeitumia darubini hii kwa misimu miwili ya kiangazi, karibu kila mara nikiwa na marafiki watano au sita, huku wengine wamebeba darubini ya lenzi ya milimita 70 na ile ya macho mawili ya 10x50. Ni darubini ya vioo: kioo kikuu kina kipenyo cha milimita 130, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali picha inapojikusanya) ni milimita 650, mrija unavutwa na kurudishwa, na kitako chake ni cha Dobson, yaani kinazunguka kushoto na kulia, juu na chini, basi. Huja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 inayokuza mara 26 na ya milimita 10 inayokuza mara 65, pamoja na kilengeo chenye doa jekundu.

Nianze na kitako, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wa kwetu wanapopotea. Madukani na mitandaoni kuna darubini za bei hiyohiyo zenye stendi ya ikweta, ile yenye chuma cha uzito upande mmoja na vifundo vingi. Stendi hiyo inataka mhimili wake uinuliwe kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, Nairobi haifiki hata nyuzi 2. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho. Ukilazimisha, chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi na skrubu ya kuinulia inaishia njiani. Tena nyota ya Kaskazini ambayo kijitabu cha maelekezo kinakuambia uilenge, kwetu Dodoma iko chini ya upeo wa macho. Kitako cha Dobson hakijali lolote kati ya hayo. Unakiweka chini, unasukuma mrija kwa mkono, unaangalia.

Kina udhaifu mmoja, nao unatugusa sisi kuliko watu wa Ulaya. Kitu kikiwa wima kabisa juu ya kichwa, kukifuata kunakuwa kazi: kinapohama kidogo tu, inabidi uzungushe kitako kwa pembe kubwa, na mrija hauna pa kushikwa. Wingu la Jabari, yaani wingu la gesi katika kundi la nyota la Jabari (Orion), liko karibu nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta ya mbingu, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo Dodoma linapita utosini kabisa. Vivyo hivyo kundi la nyota M11 (M na NGC ni alama za orodha za vitu vya angani). Dawa ni ratiba: vitazame saa moja na nusu kabla ya kufika juu, au saa moja na nusu baadaye. Katikati ya Januari, mvua ikiacha upenyo, Jabari hufika utosini saa nne na nusu usiku hivi, kwa hiyo ianze saa tatu.

Kwa kuchagua usiku, kalenda ya mwezi mwandamo inatosha. Kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, saa za mwanzo za usiku zina giza. Tarehe 6 hadi 9 ni za kuangalia mwezi wenyewe, maana mashimo yake yanaonekana vizuri pale kivuli kinapokutana na mwanga; mwezi mpevu unaumiza macho na hauonyeshi kina chochote. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya anga safi. Julai giza kamili huingia karibu na saa mbili usiku, lakini fikeni saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kioo kinahitaji kama nusu saa kutoa joto la gari. Kioo kikiwa bado cha moto, kila nyota inachemka kama uji, na wageni watadhani darubini ni mbovu.

Sasa meza. Hii ni darubini ya mezani, na meza ya plastiki ndiyo adui yake wa kwanza. Kwa ukuzaji wa mara 65, mtu akigusa tu sehemu ya kufokasi, picha inatikisika kwa sekunde kadhaa. Stuli ya mbao ya miguu mitatu, kimo cha sentimita 45 hadi 50, inafanya kazi vizuri kuliko meza yoyote niliyojaribu: miguu mitatu haiyumbi kwenye ardhi isiyo sawa. Kando yake weka kiti kifupi. Anayetazama akiwa ameketi huona zaidi ya aliyeinama.

Baada ya barabara ya vumbi na makorongo, vioo huwa vimehama. Kila safari, bila kukosa. Mapema, mwanga ukiwepo, tazama kupitia kifuniko chenye tundu dogo la milimita 2 katikati, ukikiweka mahali pa lenzi ya jicho: alama ya duara iliyo katikati ya kioo kikuu inapaswa kukaa katikati ya taswira ya kioo kidogo. Kama haipo, legeza skrubu za kukazia nyuma ya kioo kikuu kwa bisibisi ya nyota, kisha zungusha zile za kurekebisha, moja baada ya nyingine, si zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Giza likiingia, hakikisha kwa nyota halisi iliyo juu kiasi: tumia lenzi ya milimita 10, iharibu fokasi kidogo, uangalie duara la mwanga lenye kivuli cheusi ndani yake. Kivuli kikiwa katikati, umemaliza. Kikiwa pembeni, rekebisha kidogo, rudisha nyota katikati ya uwanja, yaani duara la anga unaloliona ndani ya lenzi, angalia tena. Kosa la kawaida ni kusahau hiyo hatua ya kurudisha nyota katikati; mtu anazungusha skrubu nusu saa na hali inazidi kuharibika.

Sehemu ya kufokasi ndiyo inayonifanya nisiipe alama kamili. Ni ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na uzi wake una nafasi, kwa hiyo lenzi ya jicho inacheza huku na huku. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili au mitatu juu ya uzi, inaponya kabisa. Kasoro ya pili ni mrija ulio wazi: mwanga wa taa ya mbali, joto la mwili na pumzi vinaingia moja kwa moja. Kata kitambaa cheusi kizito, kizungushe upande wa nje wa fito mbili zinazobeba sehemu ya mbele ya mrija, kibane kwa mpira wa nguo. Na fito zivutwe mpaka zote mbili zigonge. Moja ikibaki nyuma, vioo haviwezi kukaa sawa.

Foleni ya marafiki ina hesabu zake. Dunia inazunguka, na darubini hii haina mota. Kwa lenzi ya milimita 25, kitu kilicho karibu na ikweta ya mbingu huvuka uwanja wote kwa dakika saba na nusu hivi. Kwa lenzi ya milimita 10, dakika tatu. Ukiongeza lenzi ya kuzidisha mara mbili, dakika moja na nusu tu. Kwa hiyo watu sita, mara 65, nusu dakika kila mmoja. Angalia nyota inatoka nje ya uwanja kwa upande gani, kisha sukuma mrija uiweke kwenye ukingo wa upande wa pili, halafu ita mtu wa kwanza. Anayevaa miwani kwa sababu ya kutoona mbali au karibu anaweza kuivua na kufokasi upya. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawa, abaki nayo.

Taa nyeupe moja ya simu inafuta nusu saa ya macho kuzoea giza. Zimeni taa ya ndani ya gari kabla ya kufungua milango, na tochi ifungwe nailoni nyekundu mara mbili. Programu ya ramani ya anga ya Stellarium ina hali nyekundu ya usiku, iwasheni kabla ya giza.

Mpangilio wangu wa Julai huanza na vinavyozama. Msalaba wa Kusini kwanza, pamoja na kikundi kidogo cha nyota cha NGC 4755 kando yake. Kisha Rijili Kantori (Alpha Centauri), ambayo kwa mara 65 inagawanyika kuwa nyota mbili safi, na hapo watu hunyamaza kidogo. Halafu Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana. Hapa darubini hii inalipa gharama yake: kwenye ile ya milimita 70 ni pamba ya mviringo, kwenye hii ya milimita 130, ambayo inakusanya mwanga karibu mara tatu na nusu zaidi, ukingo wake unaanza kumeguka kuwa nyota kama chumvi iliyomwagwa, kutoka umbali wa miaka-nuru takriban 17,000. Kwa kuwa iko mbali na ikweta ya mbingu, inavuka uwanja polepole zaidi, dakika nne na nusu hivi. Baada ya hapo kundi la Nge liko juu: M4 jirani na nyota nyekundu Antares, M7 kwa lenzi ya milimita 25 pekee, kisha wingu la M8 kwenye kundi la Mshale. M7 tazameni pia kwa darubini ya macho mawili. Mimi naona inapendeza zaidi humo.

Kwa sayari, mara 65 inatosha kuona pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii, lakini haitoshi kuzifurahia. Lenzi ya jicho ya milimita 6 yenye uwanja mpana, inayokuza mara 108, ndiyo nyongeza ya kwanza kununua. Kikomo cha maana ni mara mbili ya milimita za kipenyo, yaani 260 kwa hii na 140 kwa ile ya 70. Boksi likiahidi mara 525, liache dukani.

Vumbi la Dodoma usilifute kwa kitambaa, linakwaruza. Pampu ya mpira ya kupulizia inatosha kwa mwaka mzima au zaidi. Ukilazimika kuosha, tumia maji ya betri yaliyotoneshwa na tone la sabuni ya vyombo, ukisoma chupa vizuri kwanza, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Mchana kifuniko kisitoke, na mtoto asiachwe nayo peke yake: kulielekea jua kwa darubini isiyo na kichujio cha jua mbele ya mrija kunaunguza jicho papo hapo. Betri ya kilengeo ni CR2032. Ukisahau kuzima itakufa kabla ya safari nyingine, kwa hiyo beba ya akiba.