Venezia: Mji wa Kulala, si wa Kupitia

Mgeni anayefika Venezia, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni huuona mji huu wakati wake mbaya kuliko wote, kisha hurudi kwao akisema kwamba umesifiwa kupita kiasi. Mimi nilikaa siku tatu, na nakiri kwamba siku ya kwanza ningekubaliana naye.

Siku hiyo nilikwama katikati ya umati juu ya Daraja la Rialto, lililokamilika mwaka 1591, nikishindwa hata kuuona mfereji wa Canal Grande unaopita chini yake. Mgahawa mmoja karibu na uwanja wa San Marco ulinitoza pesa za meza na za muziki, mbali na bei ya kahawa yenyewe. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo, kwa hiyo sina wa kulaumu ila haraka yangu. Nauli rasmi ya gondola, mashua nyembamba ya makasia, mchana ilikuwa yuro 90 kwa nusu saa, nayo hulipiwa chombo kizima, hivyo msafiri aliye peke yake huumia zaidi. Niliridhika na traghetto, gondola ya kuvushia isiyo na mapambo, ambayo kwa yuro 2 ilinipeleka ng'ambo kwa makasia ya watu wawili.

Mwenye mzigo mzito ajiandae, kwa maana madaraja ni zaidi ya 400 na mengi yana ngazi; anayetumia kiti cha magurudumu atategemea zaidi vaporetto, yaani boti za abiria, ambazo tiketi yake ya mara moja ni ghali mno.

Jua linapotua, hata hivyo, makundi ya kutwa hurejea kwenye treni na mabasi, na mji hubaki na wenyeji wake, ambao katika visiwa vya kale hawafiki tena 50,000. Vichochoro vilivyokuwa havipitiki mchana vilinirudishia mlio wa nyayo zangu mwenyewe, na kwa kuwa hakuna magari, niliweza kusikia maji yakigonga kuta ambazo chumvi imezila hadi kwenye matofali. Katika baadhi ya kuta hizo alama za unyevu zinapita kiuno cha mtu. Bamvua la Novemba 2019 lilifikia sentimita 187 juu ya kipimo rasmi cha usawa wa bahari, na tangu mwaka 2020 milango ya chuma ya MOSE, mradi wa kuukinga mji na maji, huinuliwa baharini ili kuzuia mafuriko ya namna hiyo.

Tangu mwaka 2024, mgeni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia katika siku zilizotangazwa, ilhali anayelala mjini husamehewa ada hiyo, ingawa hulipa kodi ya malazi. Gharama ya chumba ni kubwa, lakini ningeilipa tena, kisha nipande boti ya njia namba 1 baada ya saa nne usiku, nikae mbele kabisa, nisishuke mpaka kituo cha mwisho.